Sifa za Shoti

Shoti imewala makeshia wa Kitale na Bungoma miaka nenda miaka rudi, na bado haijapata mtu wa kuitolea shukrani. Asiyeijua hajawahi kufunga droo saa mbili usiku, akahesabu noti, akahesabu sarafu, akarudia, na mashine ikazidi kudai mia nne hamsini ambazo mkononi hazipo.

Inafundisha hesabu bila karo. Inazuia anasa, maana ikishakatwa kwenye mshahara, mwisho wa mwezi hakuna cha kuponda. Lakini kipawa chake kikuu ni kujua nasaba.

Kampuni ya maduka ninayoisema ni ya familia. Mzee yuko makao makuu Kitale, mkewe ameshika stoo, mwana wa kwanza ni meneja, mpwa anasimamia tawi la Bungoma. Shoti iliwajua wote kabla sisi hatujatambulishwa. Keshia wa kuajiriwa akisimama kwenye droo, inamkalia. Mpwa akimshikia dakika tano, inanyanyuka kwa adabu na kumpisha. Mwenye shaka na baba yake asijisumbue na maabara ya serikali. Tumweke kaunta namba mbili siku ya soko: akipata shoti jioni, si wa ukoo, asipopata, aandikwe kwenye urithi. Kuna keshia mwenzetu aliyemchumbia binti wa nyumba hiyo. Posa ilipopokelewa, shoti yake ikapungua nusu. Mahari ilipokubaliwa, ikabaki ya sarafu. Baada ya harusi ikakoma kabisa, na hesabu zake sasa zinatolewa mfano mkutanoni.

Mwana wa kwanza naye huja saa kumi jioni, hufungua droo yangu, huchomoa elfu tatu za mafuta ya gari na kusema, "Nitamwambia Mzee." Haandiki popote. Saa mbili usiku Mzee hajaambiwa, na kijana ameshafika Webuye. Nikiuliza, mimi niliyesimama tangu asubuhi kwa kuwa viti vya makeshia eti vinaharibu sura ya duka, naambiwa sina moyo wa kifamilia! Familia gani hii inayonikumbuka kwenye hasara tu? Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kukata upungufu uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unamkabidhi pesa. Uzembe wangu ni upi, kutomshika mkono mwana wa mwenye duka? Na huo mkataba uko wapi? Anayeuulizia Kitale hupewa barua ya kuhamia Bungoma, akapanda matatu alfajiri kupitia Kiminini na Kamukuywa, nauli juu yake.

Samahani, nilikuwa nasifu.

Yapo maduka makubwa ya familia yaliyoanguka, na si shoti iliyoyaangusha. Januari 2020 wadai wa Nakumatt, iliyokuwa ya familia ya Shah, walipiga kura ivunjwe, madeni yakiwa mabilioni. Tuskys ya warithi wa Joram Kamau, ndugu waliowahi kuburutana mahakamani, nayo ikafunga tawi baada ya tawi. Hakuna keshia mwenye mikono ya kutoboa shimo la kiasi hicho. Mzee alituita stoo, akatueleza habari hizo kwa uchungu, akasema duka letu limejifunza. Wiki ileile zikafungwa kamera mpya, zote zikitazama kaunta. Ya mlango wa ofisi inasubiri fundi.