Sifa za Diski Pacha

Wasukuma hawabagui wa kushangiliwa. Vikundi vya Wagika na Wagalu vikishindana ngoma, hata chatu huletwa uwanjani, akazungushwa shingoni mwa mchezaji, na watu wakampigia vigelegele ambavyo mbunge angevilipia. Kwa hiyo sioni haya kusimama hapa Segese, katika Halmashauri ya Msalala, nikatangaza sifa za kiumbe ambacho kila fundi wa kompyuta hukilaani: diski iliyonakiliwa kutoka diski nyingine, ikabeba utambulisho wa mwenzake bila kubadilisha hata herufi, kisha ikachomekwa kwenye seva ileile alimo huyo mwenzake.

Kwanza mjue anavyozaliwa. Tuseme mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu hapa ana seva ndogo kwenye chumba cha nyuma ya ofisi, feni moja, vumbi la mawe kila mahali. Mfumo endeshi ni Linux, kwa sababu haulipiwi. Humo ndimo zilimo hesabu zake zote: mifuko ya mawe iliyosagwa, nani amelipa, nani ameandikiwa deni, picha za kamera za getini, na lile jambo linalogombanisha watu ukanda huu kuliko mipaka ya mashamba, yaani marudio. Mchimbaji akishasaga mawe na kukamata dhahabu yake kwa zebaki, mchanga unaobaki bado una dhahabu ndani, na mara nyingi hukaa kwa mwenye karasha ukisubiri kuloweshwa kwenye matangi ya sianidi. Nani aliacha marudio kiasi gani, na yalikuwa ya nani tangu mwanzo, ni habari inayoweza kuwafikisha watu kwa mtendaji wa kata alfajiri kabla ya chai.

Sasa diski ya data imeanza kugongagonga. Fundi anaitwa kutoka Kahama. Anafika na diski mpya mkobani, anaichomeka kando ya ile ya zamani, anaandika amri ya dd, amri ya herufi mbili yenye uwezo wa kuokoa biashara au kuifuta kabisa kutegemea diski ipi umeitaja kuwa chanzo na ipi kuwa mpokeaji, kisha anakwenda kula wali maharage. Akirudi, pacha amezaliwa.

Tazameni uaminifu wa mtoto huyu. Karani akinakili daftari huruka ukurasa uliochafuka, hurekebisha tahajia, na akiona jina la shemeji yake kwenye safu ya madeni huenda kalamu ikateleza. Diski pacha haina shemeji. Imenakili hesabu, imenakili makosa ya hesabu, imenakili mafaili ambayo bosi aliyafuta akidhani yametoweka, na imenakili hata mahali patupu. Diski ya terabaiti moja yenye data ya gigabaiti arobaini itanakiliwa terabaiti nzima, sifuri kwa sifuri, saa kwa saa, umeme ukiruhusu. Ni nani kati ya wasaidizi wenu aliyewahi kufanya kazi ya bure kwa bidii kiasi hicho?

Lakini utukufu wake hauko kwenye data. Uko mwanzoni kabisa mwa diski, mahali ambapo bosi hajawahi kufika na hatafika. Linux hupanga hifadhi kwa LVM, mpango ambao Heinz Mauelshagen aliuandika mwaka 1998 akifuata mfano wa ule uliokuwa kwenye mfumo endeshi wa HP-UX. Diski kadhaa huunganishwa kuwa kundi, kundi hilo hukatwa vipande viitwavyo voliyumu, na voliyumu ikijaa unaipanua huku seva ikiendelea na kazi. Ili haya yawezekane, kila diski huandikwa utambulisho wake. Kwa kawaida kwenye sekta ya pili huwekwa neno LABELONE, na pamoja nalo mfuatano wa herufi na tarakimu 32 unaosema: mimi ni fulani. Baada ya hapo yanafuata maelezo ya kundi zima, yameandikwa kwa maandishi ya kawaida ambayo hata binadamu anaweza kuyasoma: kundi linaitwaje, lina diski zipi, voliyumu ipi inaanzia wapi.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na inatosha kuwatambulisha watu wote wa nchi iliyohesabu watu zaidi ya milioni 61 mwaka 2022. Diski ya mwenye karasha imepewa 32, tena zikiwemo herufi kubwa na ndogo. Wataalamu wa uwezekano wanakuhakikishia kwamba diski mbili duniani hazitapata utambulisho mmoja kwa bahati. Wanasema kweli. Ila mahesabu yao hayakumweka fundi wa Kahama na dd yake.

Huku kwetu mapacha hawajawahi kuleta tabu ya majina. Aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto, na jambo limekwisha kabla kitovu hakijakatwa. Hata wakifanana mpaka bibi yao achanganyikiwe, mmoja akiitwa anageuka yeye, na si mwenzake. LVM haikulelewa Usukumani. Seva ikiwashwa, inapita kwenye kila diski ikisoma utambulisho. Inamuuliza wa kwanza, anajibu: Kulwa. Inamuuliza wa pili, naye bila kupepesa jicho: Kulwa. Wote wawili wana ushahidi, wote wana orodha ya voliyumu za ukoo mzima, na wote wanasema ukweli kama walivyoujua walipoandikwa.

Hapa kuna utani mtamu, na naomba msiupite haraka. Mafundi walifundishwa zamani wasiamini majina kama sda na sdb, kwa sababu Linux huyagawa kwa jinsi diski zinavyoonekana. Leo sdb, kesho baada ya kuwasha upya sdc. Wakaambiwa watumie utambulisho mrefu, kwamba huo hauhami na haudanganyi. Wakatii, wakauandika kwenye fstab, faili linaloiambia seva ipandishe nini ikiwaka, kwa heshima zote. Pacha akaja akauchukua utambulisho huo, ndio pekee waliokuwa wameuamini, akauvaa. Majina yale ya hovyo, sdb na sdc, ndiyo yaliyobaki kuwatofautisha Kulwa na Doto kwenye skrini asubuhi ile.

LVM ilikuwa ikifanya nini zamani? Ilikuwa ikichagua. Matoleo ya zamani yalitoa mstari mmoja kwamba limeonekana pacha, natumia hii, siitumii ile, kisha mambo yakaendelea. Mstari ulipita kwenye skrini ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama. Jumatatu seva inafanya kazi na diski mpya, Jumanne umeme unakatika, Jumatano inawaka na diski ya zamani. Karani haoni tofauti yoyote, kwa sababu hesabu za wiki iliyopita zipo kwenye zote mbili. Anaendelea kuandika. Sasa Doto anakumbuka marudio ya Jumatatu asiyoyajua Kulwa, na Kulwa anakumbuka deni la Jumatano ambalo Doto hajawahi kulisikia. Kila daftari limekamilika kwa macho yake lenyewe. Hakuna amri ya Linux inayowaunganisha tena; unahitaji karani mvumilivu, karatasi, na wachimbaji wasio na hasira, na hao watatu si rahisi kuwapata siku moja.

Matoleo ya sasa yamekuwa na msimamo. Mapacha wakionekana na hakuna hata mmoja anayetumika, LVM hukataa kuwasha voliyumu za kundi hilo. Kama mmoja amekwisha kuwashwa, humshikilia huyo, na hukataa mabadiliko yoyote kwenye kundi mpaka utata uondolewe. Hapo ndipo kelele huanza. Voliyumu haiwaki, seva inaishia kwenye skrini nyeusi, bosi anapiga simu, fundi anasema mtandao wa simu ni mbaya na anakata. Kila mtu anamlaani pacha. Mimi kura yangu nampa yeye, kwa sababu ndiye pekee ofisini aliyeifanya mashine iseme: sijui, naomba aje mwenye mali aseme.

Nchi yetu iliwahi kungoja muda mrefu kulisikia neno hilo. Tarehe 28 Aprili 2017, Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alipokabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti, kila mtu alikariri ile hesabu ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Iliyonivutia mimi ilikuwa nyingine, ndogo zaidi: vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watumishi 3,076. Fanyeni mgawanyo, kila cheti na wenyewe wawili. Cheti chenyewe kilikuwa halali, na kwa macho ya daftari la mishahara wote wawili walikuwa ndiye. Daftari lilifanya kama LVM ya zamani, likachagua kutosumbuka, likalipa wote wawili, mwezi hadi mwezi, na hakuna skrini iliyogoma. Mngekuwa na pacha mmoja mkorofi kwenye mfumo ule, mwenye tabia ya kusimamisha kila kitu mpaka mtu aeleze, uhakiki ungefanyika mapema mno na bila hotuba.

Haki inanilazimisha nitaje kwamba si kila lalamiko la mapacha lina mapacha. Kwenye seva kubwa zenye hifadhi ya mbali, diski moja huunganishwa kwa nyaya mbili ili moja ikikatika nyingine ibaki, na kama programu ya kuunganisha njia hizo haijawekwa sawa, LVM huona diski hiyohiyo mara mbili na kupiga kelele zilezile. Mtu mmoja ameonekana kwenye milango miwili. Fundi anayekimbilia kumbadilishia mtu huyo utambulisho kwa mlango mmoja atakuwa amemharibu kwa milango yote miwili. Kuangalia namba ya kiwandani ya kila diski huchukua dakika moja; namba hiyo imechomwa kwenye diski yenyewe, na dd haiwezi kuinakili.

Dawa ipo, na ni fupi kiasi cha kumvunjia pacha heshima. Unamwacha mmoja na jina la ukoo, yule atakayefanya kazi. Wa pili, akiwa hatumiki, unampitishia vgimportclone, na amri hiyo humwandikia utambulisho mpya, humbadilishia utambulisho wa kundi, na humpa kundi jina jingine. Kama kundi lilikuwa na diski tatu zilizonakiliwa, unazitaja zote tatu kwa pamoja, maana ukoo haubatizwi nusu. Mafundi wa HP-UX wana vgchgid kwa shughuli hiyo, na wa AIX wana recreatevg. Inaonekana kila ukoo wa seva uliwahi kuzaa mapacha na kujuta. Kwenye mifumo mipya, kama Red Hat toleo la 9, umeletwa ukatili zaidi: orodha ya diski zinazotambuliwa, ambayo huzingatia namba ile ya kiwandani. Pacha asiyekuwemo kwenye orodha haulizwi jina wala hapewi nafasi ya kujibu. Anakaa ndani ya seva, taa yake inawaka, na LVM inampita. Mimi naona ni uonevu, ingawa ningekuwa mwenye karasha ningeiwasha orodha hiyo leo.

Wala msidhani amekwisha. LVM ikishatulia, ndani ya voliyumu kuna mfumo wa mafaili, nao una utambulisho wake ambao vgimportclone haiugusi. Kama ni XFS, itakataa kupandishwa ilhali pacha wake amekwisha kupanda, mpaka uiambie kwa nouuid ifumbe macho mara moja, au uipe utambulisho mpya kwa xfs_admin. Ext4 haina neno. Inapanda huyu, inapanda na yule, haiulizi kitu. Watu huisifu kwa upole huo. Ni upole wa yule karani wa mishahara. Na kama iliyonakiliwa ni diski ya mfumo wenyewe, ongezeni funguo za SSH na machine-id, ili seva mbili zisije zikajitambulisha kwa jirani kwa funguo zilezile.

Jioni fundi amemaliza. Voliyumu zimewaka, daftari la marudio limefunguka, Doto ana jina lake na Kulwa lake. Bosi amehesabu pesa mara mbili kabla ya kumkabidhi, amesimama mlangoni akizitazama taa za seva, na ni wazi kwamba amefurahi.

“Sasa mdogo wangu,” anasema, “kabla hujaondoka nitolee na ya tatu, ibaki humohumo kwa usalama.”

Fundi anaweka mkoba chini. Usukumani mtoto anayewafuata mapacha ana jina lake tayari, anaitwa Shija, lakini dd hilo hailijui, na daladala ya mwisho ya kurudi Kahama haimsubiri mtu.