Mizunguko 8,000 na Salamu Zake

Kutengeneza pikapu ya gitaa kwa mkono kunahitaji vitu vinne: sumaku, misumari sita, waya mwembamba kupita kiasi, na majirani wasiosalimia. Vile vitatu vya kwanza ukitafuta Mbinga mjini utavipata. Cha nne hakuna, na huku kwetu Mkumbi ndiyo usiulize kabisa.

Pikapu ni kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Ndani yake mna sumaku na waya wa shaba wenye vanishi, uliozungushwa mpaka ukajaa. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya, unakwenda kwenye spika, na watu wanainuka kucheza. Michael Faraday aligundua siri hiyo London mwaka 1831. Ilipita miaka 100 hivi ndipo George Beauchamp wa Marekani akaifunga kwenye gitaa. Kwaya yetu nayo ikaona zamu yake imefika, maana gitaa lake lilikuwa kavu, na ngoma zikianza lilikuwa halisikiki hata na anayelipiga. Mwalimu wa kwaya akanijia mimi, kwa sababu niliwahi kutengeneza sabufa ya mtu ikapona.

Waya niliupata kwa fundi redio, ndani ya zile adapta nzito za zamani. Zilikuwa zimekufa miaka mingi chini ya meza yake, lakini aliponiona nazichambua, bei ikafufuka. Sumaku nilitoa kwenye spika iliyochanika. Chombo cha kuzungushia kilikuwa cherehani ya mkono ya shangazi: ukizungusha mpini mara moja, gurudumu linazunguka mara tatu. Nikakata mfuniko wa ndoo ya rangi, nikapigilia misumari sita, nikabandika kwenye gurudumu, kazi ikaanza.

Sasa sikiliza hesabu. Pikapu ya kawaida ya Fender ina mizunguko kama 8,000 ya waya wenye unene wa milimita 0.063. Ukiunyoosha waya wote huo unapita kilomita moja, na ukipiga chafya unakatika. Abigail Ybarra, aliyeanza kazi Fender mwaka 1956 na kusifika kwa pikapu zake, alikuwa kiwandani California. Hakuna mzee aliyepita pale dirishani akitoka kwenye shamba lake la ngoro lenye maharage, jembe begani.

"Hodi humu!"

"Karibu babu. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Habari za tangu juzi?"

"Nzuri, sitini na tatu."

"Sitini na tatu nini?"

"Sitini na nne."

Babu akasogea kutazama. Waya hakuuona, kwa sababu hata mimi nauona nikiuelekeza kwenye mwanga tu. Alichokiona ni kijana mzima anazungusha cherehani isiyo na kitambaa huku akijihesabia. Akaaga kwa upole usio wa kawaida yake. Jioni shangazi alipokea wageni waliokuja kunijulia hali, mmoja na maziwa.

Ili salamu zisiniharibie, nikabuni utaratibu: kila nikifikisha mizunguko 100 ya mpini naweka punje moja ya mahindi kwenye sahani. Punje moja ni mizunguko 300 ya waya, kwa hiyo punje 27 zikitimia, pikapu imetimia. Utaratibu huo hauna kasoro yoyote mahali pasipo na kuku. Nilikuwa naitikia salamu mlangoni, kuku yuko kwenye sahani anakula hesabu. Nikirudi naona punje pungufu, nakaza mkono. Waya ukajaa hadi ukaanza kumwagika pembeni, na sahani bado inanidai.

Aliyenitoa kizani ni fundi redio na mita yake. Waya wa unene ule una upinzani wa omu 5 na nusu hivi kwa kila mita, kwa hiyo pikapu iliyotimia husoma kama omu 6,000. Yangu ilisoma zaidi ya 8,000. Tukapiga hesabu: kuku alikuwa ameshakula mizunguko zaidi ya 2,000. Na mizunguko ikizidi, sauti inakuwa nene, ile kali inapotea.

Wakati huohuo shangazi alikuwa anatafuta sindano zake. Sumaku ya spika niliiacha mezani kwake usiku mmoja tu, na asubuhi ilikuwa imeota manyoya: sindano, pini, na vipande vya wembe, vyote vimesimama wima. Kwa fundi cherehani, sindano ni mtaji. Sitayaandika aliyoyasema.

Siku ya majaribio tukafunga pikapu kwenye gitaa, tukachomeka kwenye sabufa sebuleni. Nyuzi tatu nene zikanguruma vizuri. Nyuzi tatu nyembamba kimya, kama kwaya ambayo sauti ya kwanza wamegoma. Kumbe zilishakatika zamani, na mtu akafunga mshipi wa kuvulia samaki kutoka Mbamba Bay. Mshipi ni nailoni, na sumaku haina habari na nailoni. Tukachambua waya wa breki ya baiskeli, tukafunga nyuzi zake, gitaa likazungumza lote.

Likazungumza kupita kiasi, kwa kweli. Shangazi aliinama juu yake kuulizia sindano moja iliyobaki, na swali likatokea kwenye sabufa. Waya usiokazwa hutikisika kwa kila sauti, na pikapu inageuka kipaza sauti. Dawa yake ni kuichovya kwenye nta iliyoyeyuka, nyuzi joto 65 hivi, sufuria ndani ya maji ya moto. Nikatumia nta ya nyuki, na harufu ikawaita wenye nta.

Mawangu Mingiedi wa Kinshasa alifanya kazi ya namna hii kwa sumaku za vipuri vya magari chakavu, akaziweka kwenye ala ya likembe. Kundi lake, Konono No. 1, likasikika duniani kwa albamu ya Congotronics ya mwaka 2004. Historia haisemi lolote juu ya kuku wake.

Pikapu yangu sasa inapiga kanisani. Inavuma kidogo, sauti yake ni nene, na umeme ukikatika inanyamaza na wenzake. Mwalimu wa kwaya ameipenda na ameomba ya pili. Nimemwambia nitaianza msimu wa kahawa, kila mtu akiwa shambani anachuma na hakuna wa kupiga hodi. Shangazi amesikia, na amesema msimu huo atakwenda shambani na cherehani yake.