Meseji 1,240 za Mzee Mmoja

Mzee alipiga simu saa nne asubuhi kuuliza kama kuna msiba. Simu yake ilikuwa haijanyamaza tangu saa tatu, na kila meseji ilimwita kwa jina jingine: mara Mwanahamisi, mara Juma, mara Bi Tausi, wote wakikumbushwa mkutano wa ushirika wa Jumamosi. "Mwanangu, mimi ni nani hasa?"

Karani wa data wa ushirika ule wa akiba na mikopo alijua pa kutazama. Jana yake jioni, akiwahi daladala, alikuwa na faili la namba mpya za simu 300 za kuhamishia kwenye jedwali la wanachama. Aliiandikia PostgreSQL hivi:

UPDATE wanachama SET simu = m.simu FROM mpya m;

Mashine ikajibu UPDATE 1240. Yeye akasoma UPDATE. 1240 akaiacha hapo hapo.

Kilichokosekana ni WHERE wanachama.namba = m.namba. Bila kipande hicho hifadhidata hailalamiki hata kidogo. Inamwoanisha kila mwanachama na kila mstari wa faili, kisha inabaki na mmoja tu, wowote ule. Safari hii ulikuwa wa kwanza, wa mzee aliyebadilisha laini wiki ile.

Karani akarejesha nakala ya juzi na kuapa kuhamia MERGE, amri iliyoingia kwenye viwango rasmi vya SQL mwaka 2003, ingawa PostgreSQL ilijivuta mpaka toleo la 15, mwaka 2022. Sharti lake la ON halikwepeki: ukilisahau, inagoma. Bosi akamsifu, mapema mno.

Faili lilikuwa limepitia Excel, ambayo ikipewa namba ya uanachama 00417 inabakiza 417. Kwenye jedwali namba hizo ni maandishi, kwa hiyo '417' na '00417' hawajuani. Na karani alikuwa ameweka WHEN NOT MATCHED THEN INSERT, yaani asiyepatikana aandikishwe. Jibu likaja safi, MERGE 300. Alipohesabu wanachama akakuta 1,540. Wageni 300, na hakuna hata mmoja aliyelipa kiingilio.

Bahati yake, alikuwa ametanguliza BEGIN. ROLLBACK ikawafuta wageni, LPAD(namba, 5, '0') ikarudisha sifuri, na jibu likawa lile lile, MERGE 300. Akahesabu mara mbili kabla ya COMMIT.

Jumamosi mzee alifika wa kwanza, viti havijapangwa. Alipopewa daftari la mahudhurio akauliza atie sahihi mara ngapi.