Namna ya Kulishtaki Jua Ukiwa Kasenga

Mtandao umekatika. Foni ya mawimbi mafupi inakoroma. Taa imezimika na bukari ingali jikoni. Lazima apatikane wa kulaumiwa, na jirani tulishamlaumu jana. Leo ni zamu ya Jua.

1. Usimkodolee mtuhumiwa macho. Asubuhi huchomoza ng'ambo ya Luapula, upande wa Zambia, likiwa jekundu na la upole. Usidanganyike: kesi haitaki shahidi kipofu, na miwani ya sokoni haikingi kitu. Elekeza darubini juani bila kuichungulia, mwanga uangukie karatasi nyeupe. Vidoa vyeusi utakavyoona ni madoa ya Jua, mahali ambapo usumaku mkali huzuia joto lisipande kutoka ndani. Kisha sogeza karatasi kidogo. Doa likiifuata karatasi, hilo ni mafuta ya samaki.

2. Hesabu. Zidisha makundi kwa 10, ujumlishe doa mojamoja. Makundi 3 yenye madoa 7 ni 37. Kanuni hii aliiacha Rudolf Wolf wa Zurich, na tangu 1981 daftari la dunia nzima linatunzwa Brussels. Ndiyo, Wabelgiji walewale waliotuhesabia shaba ya Katanga. Safari hii mali wanayoihesabu haipakiki kwenye treni.

3. Chunguza mwenendo wake. Mwaka 1843 Heinrich Schwabe, Mjerumani, alitangaza kwamba madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko; leo tunajua ni wa miaka 11 hivi. Mzunguko wa sasa ulianza Desemba 2019 na kufika kileleni Oktoba 2024. Mwezi Mei mwaka huohuo dunia ilipigwa na dhoruba ya sumaku itokayo juani, kali kuliko zote tangu 2003. Kwa kifupi, mtuhumiwa ana ratiba, tena karibu anaifuata. Tafuta ratiba ya umeme ya mtaa wenu muilinganishe.

4. Tazama saa. Milipuko ya Jua, ambayo mara nyingi huzuka penye madoa, hupangwa kwa herufi A, B, C, M na X, kila moja ikiizidi iliyotangulia mara 10. Miali yake hutufikia baada ya dakika 8 na kidogo, ikavuruga tabaka la anga linalorudisha mawimbi mafupi ardhini. Lakini huvuruga upande wenye mchana tu. Foni ikinyamaza saa nne asubuhi, una kesi. Ikinyamaza saa tatu usiku, mtuhumiwa alikuwa upande wa pili wa dunia, na waliomwona huko ni mamilioni.

5. Kwa kosa la umeme, taja Quebec. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya Jua iliangusha gridi ya jimbo hilo la Kanada, watu milioni 6 wakakaa gizani. Usimwambie hakimu kwamba kule ni jirani na ncha ya sumaku ya dunia, nasi tuko nyuzi 10 tu kutoka ikweta. Zaidi ya yote, usimwambie kwamba giza lile lilidumu saa 9 tu, na bado wanalisimulia.

Ukimaliza, peleka simu yenye ushahidi wako ikachajiwe pale sokoni, kwenye paneli ya sola. Ukiwa unasubiri foleni, ifute kesi.