Mnyororo wa Kutosha

"Bonsoir." Hivyo ndivyo mzee wa Kifaransa alivyonisalimia saa saba usiku, amesimama kwenye omo ya mashua yake na kaptula ya kulalia, amekumbatia boya la mpira. Tezi la mashua yetu lilikuwa limefika kwake kabla yetu sisi wenyewe kuamka. Angenitukana, ningelala. Ile adabu yake ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Nanga niliitia mimi. Jioni ile tulipoingia Salt Whistle, ghuba ndogo ya kisiwa cha Mayreau katika visiwa vya Grenadines, shemeji alikuwa kwenye usukani, nami nikajitwika kazi ya omo bila kuombwa. Nikalegeza mnyororo, nanga ikagusa mchanga, nikapiga makofi kupangusa mikono.

"Shemeji, umetoa mnyororo kiasi gani?"

"Wa kutosha, shemeji."

Ulikuwa mita 12.

Sasa nimesoma habari za nanga kuliko nilivyowahi kusomea mtihani wowote, na naomba unisikilize, maana ni jambo la ajabu. Nilidhani nanga inashika kwa uzito. Wapi! Mashua ya tani kadhaa itashikwaje na chuma ambacho mtu mmoja anakinyanyua? Nanga ni jembe. Ikivutwa kwa ulalo inazama mchangani, na kadiri upepo unavyoivuta mashua ndivyo jembe linavyozidi kuchimba. Ukitaka ivutwe kwa ulalo, mnyororo lazima uwe mrefu, ulale chini kwa uzito wake, ili upepo upate kwanza kazi ya kuunyanyua pingili kwa pingili. Chukua kina cha maji, ongeza kimo cha omo, kisha zidisha mara 5 kwa uchache. Usiku wa upepo, mara 7. Pale kina kilikuwa mita 4 na omo mita 1. Mita 25, basi. Kwa mita 12 mnyororo unavuta kwenda juu, na hapo hujatia nanga, unang'oa muhogo. Kila aliyewahi kushika shina la muhogo anajua: livute kwa ubavu, linakucheka, livute kwenda juu, linakuja na udongo wake.

Saa saba mvua ikaja na upepo wa ghafla kutoka mashariki, ukavuka ule ukanda mwembamba wa mchanga unaotenganisha ghuba na Atlantiki, ukang'oa muhogo wangu. Tukaenda kinyumenyume, kimya, kama bwana harusi aliyebadili nia. Asubuhi wavuvi ufukweni walikuwa wameshapata habari zote. Watu ambao tufani Beryl iliwaezulia mapaa tarehe 1 Julai 2024 walistahili kucheka, na walicheka sana.

Na hatukupanga kuwa pale. Mpango ulikuwa kwenda kaskazini, Martinique, na shemeji alikuwa amechora njia kwa penseli miezi miwili. Tukiwa Bequia, dada akauliza, "Kaka, pasipoti yako inaingia huko?" Martinique ni Ufaransa. Haimo katika Schengen, kwa hiyo hata viza ya Paris haitoshi mpaka iandikwe kwamba inafaa na huko. Shemeji na mimi tumezaliwa mtaa mmoja Tanga. Yeye ana kijitabu cha Kanada, anaingia na kaptula yake. Mimi nitakiwe kuonyesha akiba ya benki, barua ya mwajiri na tiketi ya kurudi, ili nikae siku tatu juu ya maji. Hakuna aliyenilaumu. Walikunja ramani polepole, kama wanaokunja sanda, tukageuza omo kusini.

Mengine yalikuwa madogo. Bandarini Clifton, kisiwa cha Union, nilipandisha bendera ya wenyeji juu chini, zile almasi tatu za kijani zinazochora V zikachora kitu kingine. Tobago Cays simu yangu ilikwenda kuwatazama kasa. Baina ya Union na Carriacou hazifiki maili 10, lakini ni nchi mbili, kwa hiyo fomu za kutoka na fomu za kuingia, na mimi nilisahau kalamu. Kusini zaidi kuna volkano chini ya maji, Kick 'em Jenny, nayo tuliipita mbali sana kwa sababu dada alikataa niguse kitu chochote.

Reli ya mzee iliyopinda nimeilipia. Na wewe, ukiniona siku moja natia nanga mbele ya mashua yako, usinionee haya. Niulize ni mita ngapi.