Mkanda Wangu Uko Kabatini

Jumatatu alfajiri nilivaa suruali, nikapeleka mkono nyuma ya mlango kuchukua mkanda, nikashika msumari mtupu. Mkanda ninao mmoja tu, wa ngozi, na saa mbili nilikuwa na kikao na bosi. Nikauliza uko wapi. Watoto wanne wakanyamaza kwa pamoja. Nyumbani kwangu wakinyamaza hivyo, ujue kuna kitu kimetobolewa.

Tunakaa Kisugu, upande unaoteremkia Namuwongo, katika safu ya vyumba vya kupanga ambavyo Waganda huviita mizigo. Mswahili mgeni akilisikia jina hilo hucheka. Akishalipa kodi miezi miwili hacheki tena. Mke wangu alinizalia pacha, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Nnalongo na mimi Ssalongo. Mtoto aliyewatangulia pacha ni Kigongo, pacha wenyewe ni Waswa na Kato, aliyewafuata ni Kizza. Kwa Waganda majina hayo hayachaguliwi, mtoto huzaliwa na cheo chake. Waswa amemzidi Kato dakika 12, na Kato ana miaka 11 sasa akikata rufaa.

Mwisho huo wa wiki Nnalongo alikuwa msibani Masaka. Mimi nilishinda kazini siku zote mbili nimevaa ovaroli, tunahesabu mali ya stoo. Nyumba ikabaki na wazee wawili: baba yangu mdogo, mwanajeshi mstaafu aliyetujia kutoka Jinja na Kiswahili chake cha kambini, na shemeji yangu, fundi simu wa Kabalagala anayepanga chumba cha jirani. Wote wawili wana ugonjwa mmoja, ndondi. Yanayofuata nimeyakusanya kwa mashahidi.

Ilianza Ijumaa usiku, wali ukiwa bado motoni. Jjajja, kama watoto wanavyomwita baba mdogo, alisema Uganda imepata bingwa wa kweli mmoja tu, Ayub Kalule: dhahabu ya ubingwa wa dunia wa ridhaa huko Havana 1974, kisha mkanda wa chama cha WBA wa pauni 154 aliomnyang'anya Masashi Kudo kwao Japani, Oktoba 1979. Shemeji akacheka. Bingwa wa dunia ipi? Kalule alipopanda ulingoni Houston tarehe 25 Juni 1981 kupambana na Sugar Ray Leonard, chama kingine, WBC, kilikuwa na bingwa wake wa uzito uleule, Wilfred Benítez, aliyekuwa amempiga Maurice Hope mwezi mmoja tu kabla. Dunia moja, wafalme wawili. Na Leonard akampiga huyo Kalule raundi ya tisa.

"Hapana!" Jjajja akasimama. "Raundi ni dakika tatu! Raundi ya tisa wao natangaza dakika tatu na sekunde sita, halafu nabadilisha. Saa yao nilikuwa mbovu!"

Kwa Jjajja, Kalule hajapigwa hadi leo. Saa ndiyo iliyopigwa.

Shemeji ni mtu wa John Mugabi, Mnyama mwenyewe, medali ya fedha Moscow 1980. Huyo, akasema, alisimama na Marvin Hagler mbele ya dunia nzima, Machi 1986 Las Vegas, mpaka raundi ya 11, na Hagler ana mikanda yote mitatu ya wakati ule. Jjajja akamkumbusha mkanda ambao Mugabi aliupata kweli: Julai 1989, Ufaransa, René Jacquot akateguka kifundo cha mguu raundi ya kwanza, Mugabi akavishwa ubingwa wa WBC. "Huyo napigwa na mguu wake mwenyewe!" Miezi minane baadaye Terry Norris akamlaza Mugabi raundi ya kwanza. (Mimi niko na Jjajja hapa, ila kwa shemeji sisemi, ndiye anayenitengenezea simu bure.)

Watoto walisikiliza yote. Asubuhi kamba za kuanikia nguo zilikuwa ulingo, soksi zangu zilikuwa glovu, na Jjajja alikuwa refa, jaji na mshika saa. Waswa akampiga Kato kwa pointi. Bingwa bila mkanda ni mpita njia, kwa hiyo Jjajja akashusha mkanda wangu mlangoni, akaupigilia mfuniko wa sufuria ya maharagwe kwa misumari miwili.

Kato hakukubali. Alikwenda kwa mjomba wake, naye shemeji akafanya walichofanya wakubwa. WBA ilibadili jina 1962, na 1963 tu ikazaliwa WBC. 1983 ikaja IBF, 1988 WBO, na kila chama kina mkanda wake na ada yake. Jumapili Waswa alitumwa makaa. Shemeji akatangaza kwamba bingwa ameshindwa kutetea taji kwa wakati, ubingwa uko wazi, na watoto wa uani watalipa shilingi 500 kila mmoja kuona Kato na Kizza wakiugombea. Kizza ana miaka minane. Kengele ikalia, Kato akarudi hatua mbili, mguu ukaingia mtaroni. Kifundo! Kizza hakuwa amerusha hata ngumi moja.

Shemeji, mtu wa Mugabi, angesema nini? Akamvika. Na mkanda huo wa pili ulikuwa mshipi wa gomesi ya Nnalongo, gauni lake la sherehe ya kwanjula, umebandikwa vifuniko vya soda kwa gundi ya simu.

Nnalongo aliingia Jumatatu saa moja asubuhi, mimi nimeshika suruali kwa mkono. Aliuona mshipi wake kiunoni mwa Kizza. Akauona mfuniko wake kifuani mwa Waswa, kwa kuwa kiuno chake hakikuujaza mkanda wangu. Akauliza swali moja, kwa sauti ya chini: "Bingwa wa nyumba hii ni nani?"

Jjajja alipiga saluti. Shemeji akaanza kuhesabu mia tano za watu.

Mikanda yote miwili ilifungiwa kabatini, pamoja na mfuniko, na ufunguo anao yeye. Mimi nilikwenda kwenye kikao nimefunga suruali kwa kipande cha kamba ya kuanikia nguo, na bosi hakuacha kukitazama. Kifundo cha Kato kimepona. Sasa anadai marudiano. Kizza amemwandikisha Kigongo jina lake ukutani kwa mkaa, BINGWA, na mwenye nyumba anataka tupake rangi upya. Kama unamjua fundi viatu mzuri hapa Kisugu, nielekeze: matundu ni mawili, ya msumari wa inchi mbili, na ngozi bado nzima.