Keria Kwanza

Mwenzangu mwenye mke, watoto na shemeji aliyekuja kusalimia akakaa, wewe utanielewa. Nilikuwa nataka baiskeli. Niende nayo Korogwe ukweni, nizunguke njia za mashamba ya mkonge, nikijaliwa nifike hadi Mombo, chini ya milima ya Usambara. Lakini sisi watu wa Handeni, na hasa nyumba hii, jambo la baba halipiti bila kikao.

Wa kwanza kusema alikuwa mwanangu Gia, tuliyempa jina hilo kwa vile hana habari nyingine. Yeye anataka ya mtumba yenye gia, tairi 26. Hoja anayo. Handeni hadi Korogwe ni kilomita kama 65 za lami, na kwenda unateremka, maana Korogwe iko bondeni kando ya mto Pangani. Shughuli ni kurudi. Babu yake, ambaye wajukuu wote wanamwita Babu Phoenix, akapiga simu kutoka Korogwe: "Waya wa gia ukikatikia Misima, nani atakuuzia mwingine?"

Hapo niko na mzee. Baiskeli ya safari unaichagua kwa kumfikiria fundi utakayemkuta njiani. Spoku, tyubu na friwili za Phoenix, ile kubwa ya tairi 28, utazipata hata duka la kijijini linalouza chumvi. Fremu ni chuma; ikipinda inanyooshwa, ikikatika inachomelewa. Nzito, ndiyo, lakini inakufikisha.

Mke wangu, Mama Zawadi, alikuwa anachambua mchicha. Akauliza neno moja tu: "Keria?"

Ukiishi Handeni, hilo ndilo swali. Maji yetu kwa miaka mingi yametoka mradi wa HTM, wa tangu miaka ya 1970, yanayovutwa mto Pangani huko huko Korogwe na kupandishwa kwa pampu. Pampu zikisimama, mji mzima unatoka na madumu. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na mke wangu hubeba kichwani huku akiongea. Baiskeli isiyo na keria ya kubeba madumu yake haiingii ua wake, na mimi sina la kupinga. Ikanunuliwa Phoenix, keria ikaongezewa nondo.

Asubuhi ya safari Mama Zawadi akaamua iende juu ya basi, kwa kuwa na yeye anakwenda kumwona mama yake. Basi tuifungashe: usukani unalegezwa na kugeuzwa ulale sambamba na fremu, pedeli zinatolewa zisitoboe mizigo ya watu. Shemeji yangu Mlingoti, jina la urefu wake, akakabidhiwa spana. Pedeli ya kulia ikatoka vizuri. Ya kushoto nyuzi zake ziko kinyume. Inalegea ukizungusha upande mishale ya saa inakokwenda. Nilimwambia. Akazidi kukaza, akapanda juu ya spana kwa miguu miwili, spana ikachomoka ikatua kwenye sufuria ya uji. Wakati tunafuta uji, Gia akatafuta kitu cha kuviringishia mnyororo usichafue mizigo. Akapata kanga. Mpya, ya doti, mama yake aliyoiweka ya kumpelekea bibi.

Safari yote hadi stendi ya Korogwe Mama Zawadi alitazama dirishani.

Mama mkwe akatupokea kwa furaha kubwa. Akamkumbatia binti yake, akanipa pole ya safari, akaizunguka baiskeli mara mbili na kuibonyeza ile keria kwa kiganja. "Mkwe wangu, Mungu akuzidishie. Mahindi ya mashine yalikuwa hayana wa kuyapeleka."

Mlingoti alishafunga gunia. Babu Phoenix akasimamia ujazo wa upepo, akaridhika, akaketi nyuma juu ya gunia, wakaondoka pamoja. Njia ya Mombo niliulizia kwa majirani. Wanasema alfajiri ndiyo nzuri, kabla malori hayajawa mengi. Kesho alfajiri, hata hivyo, kuna zamu ya kuni.